Kuna Kitu Kinaungua: Maisha ya Pua wa Bekari

Mliopata viti na mliokosa mkaegemea ukuta, familia inawashukuru kwa kuja, na inawaomba radhi mapema kwamba historia hii ni ndefu kidogo kuliko mlivyozoea, kwa kuwa ndivyo dada wa marehemu alivyoagiza. Angeisoma mwenyewe, lakini sauti imemkauka tangu juzi, kwa hiyo karatasi ameshikishwa mumewe, shemeji wa marehemu, ambaye ameonywa mbele ya mashahidi asitie chumvi wala asipunguze. Dada amekaa pale mbele kwenye kiti chenye mto, na amesema akisikia uongo atanyoosha mkono.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba fundi bomba na mama dobi, na dada yake, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba, ndiye aliyekabidhiwa kumbeba, mama aliporudi kwenye pasi zake. Alikuwa mtoto mnene, mpenda usingizi, na dada anasema mgongo wake haujanyooka tangu mwaka huo. Alipokuwa na miaka miwili alipata homa kali iliyomtikisa mwili kutwa nzima, homa ikapoa, watu wakashukuru, na hakuna aliyedhani kwamba ilikuwa imeacha kitu nyuma yake.

Alianza shule ya msingi Januari 1981, mtaani kwao, akiwa mwanafunzi wa katikati, si wa kusifiwa wala wa kufukuzwa. Mwaka 1983, katikati ya somo la hesabu, alinyoosha kidole akamwambia mwalimu wake kwamba kuna kitu kinaungua, mwalimu akatuma watoto wawili wakachungulie jikoni na nyuma ya vyoo, wakarudi wakasema hakuna kitu, na alipomgeukia amuulize kwa nini anapoteza muda wa wenzake, akamkuta ametumbua macho, anatafuna mate, vidole vinachezea vifungo vya shati kama mtu anayevihesabu gizani. Jambo hilo lilijirudia mara kadhaa, na kila mara ilianza harufu ya kuungua ambayo hakuna mwingine aliyeisikia, na kwa miezi mingi aliitwa mzushi, mpaka siku alipoanguka mbele ya darasa zima akakakamaa na kutikisika, na mwalimu yuleyule akambeba mgongoni mpaka nyumbani huku analia.

Nyumbani hali haikuwa bora, na dada ameagiza lisemwe bila aibu, kwa sababu wengi wenu mlikuwepo na mlishiriki. Marehemu akianguka, mama alipiga ukelele, baba akisikia ukelele alikimbia kuita jirani, jirani alikuja na kijiko cha kupenyeza kati ya meno, mwingine na kitunguu, mwingine alivua kiatu akamnusisha, mmoja alishika miguu, mwingine alimwaga maji, na kila aliyeingia aliongeza sauti juu ya sauti aliyoikuta. Dada alikuwa binti wa miaka kumi na sita na ushei, na muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia mambo mawili tu, amlaze kwa ubavu na asimtie kitu mdomoni, lakini kabla ya kumfikia mdogo wake ilibidi kwanza awaondoe watu wazima waliomzunguka, mmoja mmoja, kwa heshima, kwani mtoto hawezi kumsukuma mkubwa. Anasema uchovu wake ulianzia hapo, katika kuwaondoa watu zaidi kuliko katika kumtunza mgonjwa.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1988, akaingia sekondari ya kutwa, akasoma miaka miwili na kuacha, kwa kuwa dawa za wakati ule zilimlaza kuliko ugonjwa wenyewe, na mwalimu wa zamu alichoka kumwamsha.

Mei 1992 aliajiriwa katika bekari ya mtaa wa nyuma ya soko, mle alimofanya kazi mpaka mwisho, kwanza akifagia na kubeba magunia, kisha kwenye kinu cha kukandia, na kuanzia mwaka 1997 kwenye tanuri lenyewe, chini ya mkuu wa tanuri ambaye sote tunamjua kwa jina la Kamanda. Kuna waliosema ni wazimu kumweka mtu wa kifafa karibu na moto, nao hawakukosea sana, lakini Kamanda aliweka kizuizi cha chuma, kimo cha kiuno, mbele ya mlango wa tanuri ili mtu akianguka aangukie nje, akamkataza kutoa trei peke yake, na kwa malipo ya hayo akapata pua ambayo bekari nyingine zote za mji ziliionea wivu. Marehemu alikuwa anageuza uso tu, anasema mikate ya nyuma kulia iko tayari, na ilikuwa tayari. Jina la Pua alilipata hapo, likamfuata mpaka kwenye kadi ya harusi, na leo hata mke wake itabidi afikirie kidogo akiulizwa jina jingine.

Sasa, mtu aliyeajiriwa kunusa mikate, na ambaye ugonjwa wake huanza na harufu ya mkate unaoungua, ni mtihani kwa wenzake. Pua aliposema kuna kitu kinaungua, wenzake walikwisha kuzoea, walimvua glavu, wakamlaza kwa ubavu juu ya magunia matupu, wakamkunjia aproni chini ya kichwa, wakasubiri. Tarehe 2 Juni 2003 alisema hivyo, wakamvua, wakamlaza, wakamkunjia aproni, yeye akawa anajitahidi kuinuka na kuwaambia kwamba leo si yeye, ni tanuri, nao wakambembeleza kwa upole mkubwa kwamba tulia ndugu yetu itapita, na kadiri alivyopinga ndivyo walivyozidi kumshika, mpaka moshi ulipowafikia hapo walipopiga magoti. Mji mzima asubuhi hiyo ulikunywa chai kavu. Mwenye bekari alifoka mpaka akaishiwa maneno, kisha akamwona Pua bado amelazwa kwa ubavu, mikono ya watu watatu juu yake, uso umemsawijika kwa hasira, akaanza kucheka, na kicheko hicho ndicho kilichookoa ajira zao.

Kuanzia siku hiyo Kamanda alitoa sheria, na sheria hiyo mtaisikia tena mbele. Pua akisema kuna kitu kinaungua, mtu atazame tanuri kwanza, akikuta kinachoungua akitoe na Pua aendelee na kazi, asipokuta kitu, Pua alazwe. Ilikuwa sheria nzuri, iliwafaa miaka mingi, na dada mwenyewe aliisifu.

Tukirudi nyuma kidogo, marehemu alifunga ndoa tarehe 21 Agosti 1999 na mshonaji ambaye kibanda chake kilitazamana na dirisha la bekari. Kabla ya posa dada alienda kumweleza ukweli wote, akiwa amejiandaa kwa machozi au kwa mlango kufungwa, maana alikwisha kufanya safari kama hiyo mara mbili kwa wasichana wengine, akarudi na jibu lilelile la kumwomba muda wa kufikiri. Mshonaji alimsikiliza huku sindano iko mdomoni, akaitoa, akasema, "Dada, hayo yote nimeshayaona kupitia dirisha hili. Wewe niambie tu nimlaze upande gani." Dada akamwambia, wa kushoto, akatoka hapo, na njiani akakaa kwenye ngazi za duka la watu, akacheka peke yake kwa furaha.

Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 2001 na mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 2005, wote wapo hapa, wote walijifunza kumlaza baba yao kwa ubavu kabla ya kujifunza kufunga kamba za viatu.

Kufikia mwaka 2012 vidonge vitatu kwa mpigo vilikuwa havimzuii tena, akaanguka bafuni, akaanguka sokoni, akavunja jino, na Februari 2013 alilazwa hospitali kuu, wodi ya ghorofa ya juu, ambako walimtoboa fuvu matundu madogo na kumwingizia nyaya nyembamba ndani ya ubongo, wakamwachisha dawa kwa makusudi, wakakaa na mashine wakimsubiri aanguke. Dada alikaa naye humo, kwenye kiti cha plastiki, akiombea kitu ambacho maisha yake yote alikuwa akiomba kisitokee. Kilipotokea, na kikatokea tena, daktari aliyemhudumia, mwanamama mpole ambaye familia ilimwita Daktari wa Nyaya, aliwaita wote wawili akawaonyesha michirizi kwenye kioo, na maneno yake dada ameyabeba mpaka leo.

Alisema ubongo ni kama mtaa wa nyumba nyingi, nyumba husemezana mchana na usiku kwa zamu, huyu akisema yule husikiliza, na ni kwa kusikilizana huko mtu huweza kunusa mkate, akakumbuka jina la mteja na akanyoosha mkono, vyote kwa wakati mmoja bila kuvichanganya. Katika kichwa cha Pua, upande wa kushoto, ndani kabisa usawa wa sikio, kuna nyumba moja inayohusika na harufu, ile homa ya utotoni iliiacha na kovu, nayo mara kwa mara hupayuka. Lakini kupayuka kwake peke yake, alisema, si kifafa, nyaya zilionyesha kwamba mara nyingi hupayuka na kunyamaza na mwenyewe hata hajui. Kifafa huja pale nyumba ya pili, iliyo mbele kidogo, inapoijibu, ya kwanza nayo ikajibu jibu hilo, ya tatu ikadakia, na mwanzoni kila moja hupiga kelele zake, lakini kadiri muda unavyokwenda zinafungana, mpaka mtaa mzima unasema neno moja kwa pamoja, na mtaa unaosema neno moja kwa pamoja hakuna anayesikiliza tena. Karibu na mwisho ndipo zinapofungana zaidi, kisha zote hunyamaza kwa mpigo, na kwa nini hunyamaza alikiri kwamba hata wao bado wanatafuta.

Dada, kwa vile alikuwa amechoka na alitaka mtu wa kumkasirikia, aliuliza mwenye kosa ni ipi kati ya zile nyumba mbili. Daktari akamjibu, "Mama, ningelijua hilo kazi yangu ingekuwa rahisi. Anayeanza hafiki mbali asipopata wa kumjibu." Dada alikumbuka sebule ya nyumbani, ukelele wa mama, kijiko, kitunguu na kiatu, akaelewa zaidi ya alivyoulizia.

Madaktari walipendekeza kuiondoa ile nyumba ya kwanza kwa upasuaji, wakasema nafasi ya kupona ilikuwa nzuri ingawa si ya uhakika, na kwamba jirani yake ukutani ni sehemu inayotunza majina na maneno, ambayo ingeweza kuguswa, na kwamba pua yake huenda isirudi kama zamani. Dada alitaka afanyiwe, alitaka kwa moyo wote, alikuwa na miaka arobaini na sita, na tangu usichana wake hakuwahi kulala masikio yote mawili yakiwa yamelala, kijiko kikianguka jikoni kwa jirani yeye alikuwa tayari amesimama mlangoni. Marehemu akakataa. Walibishana siku nzima, kwa sauti za chini kwa sababu ya wagonjwa wengine, na mwisho marehemu akasema, "Dada, wakiniondolea pua nitakula nini, na wakiniondolea majina nitakuita nani?"

"Utaniita dada," akasema, "kama siku zote."

Marehemu akacheka, akamshika mkono, na hakubadili msimamo. Dada alikasirika, na hasira hiyo haikuwa ya siku moja, lakini alimpigia pasi mashati ya kutokea hospitali, na alipomaliza akasema maisha ni yake. Walirudi nyumbani na kidonge kipya, kikamsaidia kiasi, akawa anaanguka mara chache tu kwa mwaka, naye akarudi kwenye tanuri.

Miaka kumi na moja ikapita hivyo, na katika historia za watu wengine miaka kama hiyo huandikwa kwa sentensi moja, lakini ndiyo ilikuwa maisha yake. Alimsomesha binti mpaka akaajiriwa. Alimfundisha mwanawe kukanda, akamkuta hana pua lakini ana mabega, akaridhika. Kila asubuhi alimpelekea dada mkate aliouoka, akaukabidhi mlangoni, akauliza, "Umelala?" na dada akasema nimelala, na wote wawili walijua si kweli.

Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, kabla ya adhuhuri, marehemu aliinua uso akasema kuna kitu kinaungua. Kamanda alifuata sheria yake, akatazama tanuri kwanza, na kwenye kona ya nyuma akakuta trei ya maandazi imeungua kweli, akaitoa, wote wakacheka, wakapumua, na marehemu naye akacheka, akasema leo ni tanuri, akaenda stoo kuleta gunia jingine. Maandazi yaliungua kweli. Na ile nyumba ya usawa wa sikio nayo ilikuwa imeanza, saa ileile, na haikuwahi kumpitikia mtu yeyote, si Kamanda, si dada, si marehemu mwenyewe, kwamba vyote viwili vingeweza kuwa kweli siku moja. Alipokutwa stoo alikuwa ameanguka, kifafa kinafuata kifafa bila yeye kuzinduka katikati. Gari la kusambazia mikate lilimkimbiza hospitali, madaktari walipambana siku hiyo na iliyofuata, dawa juu ya dawa, nyumba za kichwa chake hazikukubali kunyamaza, na Alhamisi tarehe 10 Oktoba, mchana, zikanyamaza zote.

Ilipaswa historia iishie hapa, lakini dada ameagiza liongezwe hili, na ndilo lililofanya atake isomwe ndefu. Penye wengi pana mengi. Jana katika nyumba hii, penye mapipa ya maji, mtu mmoja alisema kwa sauti ndogo kwamba Kamanda alimwona anaumwa akamwacha, mwingine jikoni akajibu kwamba na yeye alisikia hivyo, wa barazani akadakia kwamba sheria gani ile ya kutazama maandazi kabla ya mtu, mwingine akamgeuzia mjane kwamba alimwacha mume wake afie kazini, mwingine akakumbuka upasuaji uliokataliwa, na ilipofika jioni nyumba nzima ilikuwa inasema neno moja, na mtoto wa kiume wa marehemu alikuwa amesimama getini akimzuia Kamanda asiingie. Dada alikuwa chumbani, na kwa kuwa leo hapasemwi uongo, moyoni mwake naye lilikuwepo neno, "Nilimwambia afanyiwe upasuaji," lilikuwa limefika kwenye ulimi kabisa. Alitoka. Watu wakamgeukia wakimsubiri, kwa sababu neno lake ndilo lingekuwa la mwisho, na alichosema, kwa sauti yake iliyokauka, ni hiki tu, "Limeanza, nimelisikia. Mimi silijibu." Akarudi ndani akajilaza, na mpaka tunaandika karatasi hii hakuna aliyelijibu tena.

Kwa hiyo familia inasema hivi, kwa sauti ya wazi ili ifike mpaka getini. Kamanda, aliyesimama nje tangu jana, ulitazama tanuri kwa sababu mliwahi kumlaza ndugu yetu na mkate ukaungua, ulifuata sheria iliyomlinda miaka ishirini na moja, hakuna anayekudai kitu hapa. Kando ya dada kuna kiti kitupu, si cha mgeni rasmi, ni chako. Na mwanetu, mtoto wa kiume wa marehemu, baba yako alikufundisha kupisha mtu aliyebeba mzigo, mpishe.

Tunaishukuru wodi ya ghorofa ya juu, madaktari na wauguzi wake, na kipekee Daktari wa Nyaya, ambaye amekuja leo na amekaa nyuma kama mtu wa kawaida. Tunamshukuru mwalimu wa hesabu, ambaye ni bibi sasa na ameletwa kwa kiti cha magurudumu. Tunawashukuru majirani, wa kijiko, wa kitunguu na wa kiatu, mlitaka kusaidia na hatujasahau. Tunaishukuru bekari yote, ambayo leo haikuwasha tanuri, kwa mara ya kwanza tangu watu wengi hapa wazaliwe. Tunamshukuru mke wake, aliyejua upande wa kumlaza. Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, na dada mmoja, ambaye amesema usiku wa leo atafunga mlango na kulala, na kijiko kikianguka, kiokotwe na mwingine.

Pua, ulisema kuna kitu kinaungua, na ni kweli kilikuwa kinaungua. Tumekitoa. Lala kwa ubavu wako wa kushoto, ndugu yetu, upumzike kwa amani.